Barua kwa Mama Stoo: Boti, Barafu na Deni la Nahodha

Hapa Malindi wengi hawalijui jina langu. Wananiita Mama Stoo, kwa sababu funguo za stoo ya ofisi yetu ya kanda hazibanduki kwangu. Nimezaliwa Amu, yaani mji wa Lamu, nimeolewa Malindi, na kazi yangu ni kusaidia mipango ya afya ya shirika la misaada katika kaunti tatu: Kilifi, Tana River na Lamu. Mhariri amenipa kurasa hizi nijibu barua zenu. Mara hii zimekuja za maji, za malipo, na moja ya babu wa Mkomani niliyoisoma kwa sauti ofisini watu wakaacha kazi. Majina nimeyaacha, kama kawaida yetu.

Mama Stoo, shikamoo. Mimi ni kijana wa Muyeye. Nimemaliza diploma ya afya ya jamii na nimeona tangazo la kazi: msaidizi wa mipango ya afya, ofisi ya kanda ya shirika la misaada. Rafiki zangu wananicheka, wanasema huo ni ukarani mtupu, nitakaa na mafaili wenzangu wakiwa nyanjani wanaokoa watu. Ni kweli? Na kwenye usaili wataniuliza nini?
*Kijana wa Muyeye, Malindi*

Marahaba mwanangu. Hao rafiki zako waulize swali moja tu: chanjo anayodungwa mtoto wa Kizingitini, kisiwani Pate, imefikaje Kizingitini? Wakishajibu, ndipo wacheke.

Anza kwa kujua kwamba chanjo si yetu. Ni ya serikali, na tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Sisi tunaongeza mkono pale ulipopungua: gari, mafuta, boti, barafu, posho ya wanaopita nyumba kwa nyumba, fomu za kujazia. Nimeona vijana wanaingia kituo cha afya na fulana yenye nembo, wanamwamuru muuguzi aliyekaa pale miaka na miaka kama mtumishi wao. Haipiti muda, simu zao hazipokelewi. Wewe ingia kwa hodi.

Sasa twende safari. Asubuhi ya kuondoka, pakiti za barafu zinatolewa kwenye friza, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, wakidhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo chanjo inavyokuwa salama. Pakiti ikitoka kwenye friza ina ukungu mweupe na inaunguza vidole. Ukiipachika hivyo hivyo kando ya chupa za penta (chanjo ya kukinga magonjwa matano), penta inaganda, na penta iliyoganda imekufa, ingawa ukiitazama ni ile ile. Kwa hivyo tunazitandaza mezani, tunangoja zitoe jasho. Kuna muuguzi mmoja, mwembamba, hana maneno mengi, ambaye huchukua kila pakiti akaitikisa sikioni. Akisikia maji yanacheza ndani, anaipanga kwenye kibebeo. Asiposikia, anairudisha mezani. Dereva atapiga honi nje, atapiga tena, yeye hageuki. Joto linalotakiwa humo ni kati ya nyuzi 2 na 8. Ya surua na ile ya matone ya polio haziogopi kuganda. Penta, ya nimonia na ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi zinaharibika. Hilo liweke kichwani kabla hujaenda kwenye usaili.

Kutoka Malindi mpaka jeti ya Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na Witu. Lami ni nzuri, mradi Mto Tana umetulia. Ukivunja kingo, kipande cha Gamba na Lango la Simba kinakuwa ziwa, kama ilivyokuwa mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 na tena 2024, malori yakapanga foleni na watu wakavushwa kwa boti mahali palipokuwa barabara. Tena kuna usalama: upande ule hukurupuki ukaenda, unauliza kwanza kama njia imefunguliwa.

Ukifika Mokowe hujafika. Boti ya kwenda Pate inakata njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, na maji yakipwa Mkanda hubaki tope na mikoko. Hivyo ratiba ya chanjo inaandikwa kwa kutazama mwezi wa angani: je, ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, na maji yatajaa saa ngapi? Niliwahi kuletewa mpango kazi kutoka Nairobi, umepakwa rangi vizuri, umeandikwa boti kuondoka saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Aliyeuandika hakujua kwamba maji huchelewa kujaa kwa karibu dakika 50 kila siku. Kama Jumatatu yamejaa saa tatu, Ijumaa yatajaa saa sita na dakika ishirini hivi, na hapo jua liko utosini na barafu inayeyuka. Kwa hiyo kabla ya kumpigia meneja, mpigie nahodha. Na msimu wa kusi, Juni na Julai, nahodha akikwambia leo hapaendeki, usimwonyeshe karatasi ya mradi.

Ndiyo, makaratasi yapo, na mengine nayapenda. Kila wiki vituo hujaza fomu ya MOH 505, ile ya magonjwa yanayofuatiliwa: kipindupindu, surua, kupooza kwa ghafla kwa mtoto na mengineyo. Utakaa na afisa wa kaunti wa ufuatiliaji wa magonjwa mtazame idadi imepanda wapi. Mimi hutazama kwanza ambao hawakuleta. Kituo kilichonyamaza kinaninyima usingizi kuliko kilicholeta habari mbaya. Labda mtandao umekufa. Labda muuguzi ni mmoja na amekwenda kujifungua, mlango umetiwa kufuli. Unapiga simu, unatafuta, na kama hupati mtu unaomba gari.

Wala usidhani afya ni sindano na vidonge tu. 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa msitu wa Shakahola, ya waumini walioambiwa wafunge mpaka wafe, watu walikuja hospitali ya Malindi kutoka pembe zote za Kenya wakitafuta mama, ndugu, watoto. Washauri nasaha walihitajika, naam. Lakini mshauri anahitaji pahali pa kukaa na mtu pasipo kamera, anahitaji viti, maji ya kunywa, kalamu, daftari la majina ambalo halitapotea, na mtu wa kumwonyesha mgeni wa Kakamega atakapolala. Hivyo vyote vina mtu wa kuvitafuta, na mtu huyo ndiye anayetafutwa na tangazo ulilolisoma.

Kwenye usaili watakuuliza viwango vya Sphere, vile vya chini kabisa vya misaada wakati wa dharura. Vikariri: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, watu wasiozidi 250 kwa bomba moja, watu 20 kwa choo kimoja. Kisha ongeza la kwako, kwamba choo cha watu 20 kambini Garsen ambacho mlango wake hauna komeo ni choo cha wanaume tu, usiku hakuna binti atakayekwenda. Watakupa na fumbo: una gari moja, mafuriko yamekata njia, dawa ziko Malindi na wagonjwa wako Tana Delta, utafanyaje? Usianze kutoa amri. Uliza: dawa gani, zinataka baridi au hazitaki, ng'ambo ya maji kuna nani mwenye simu, nani ana mtumbwi? Wenye kujua kazi watakuajiri kwa maswali hayo. Na jifunze Excel kwa dhati, si ile ya kuandika tu kwenye CV.

Bi Stoo, salaam aleikum. Mimi ni mzee wa Mkomani, Amu. Mwaka 2004 homa ile ya viungo ilitulaza mtaa mzima, nami nikawa naenda msikitini kwa mkongojo, na kurukuu siwezi. Sasa nyinyi watu wa mashirika mkisikia mbu, mnaleta vyandarua. Mbu yule anauma adhuhuri, nami niko barazani nacheza bao. Nivae chandarua?
*Babu wa Mkomani*

Waaleikumu salaam, babu. Usivae, wenzako watakuibia kete.

Una haki, na nimefurahi umeuliza. Homa ile ilikuwa chikungunya. Watafiti walipopima damu za watu wa Amu baadaye walikadiria kwamba watu watatu kati ya kila wanne kisiwani walikuwa wameipata. Ikashuka Mombasa mwaka ule ule, mwaka uliofuata ikawa Ngazija, visiwa vya Komoro, ikafika mpaka Réunion. Ajabu yake ni kwamba haikuja na mvua. Ilikuja wakati wa ukame. Maji yalikuwa adimu, kila nyumba ikahifadhi kwenye mapipa na mitungi, na maji yakakaa siku nyingi bila kumwagwa. Mbu huyu, mwenye madoadoa meupe miguuni, hataki dimbwi chafu. Anataka maji safi ya nyumbani kwako. Ndiye huyo huyo anayeeneza dengi, ambayo ilishapita Malindi na Kilifi tangu 1982.

Chandarua ni cha mbu wa malaria, anayeuma usiku, na usikiache kwa sababu ya hasira zako na huyu wa mchana. Tena kina faida hata kwa chikungunya: mtoto anayelala mchana alazwe ndani yake, na mgonjwa mwenye homa vilevile, ili mbu asimuume kisha akampelekee jirani. Ila dawa hasa ni kufunika. Pipa lifunikwe kwa kitambaa kilichokazwa, si kwa ubao uliolegea. Mtungi usuguliwe ndani kila wiki, kwa kuwa mayai hushika ukutani, na kumwaga maji peke yake hakuyatoi. Vifuu vya madafu nyuma ya nyumba, matairi, ndoo za mafundi wa jahazi, vyote vipinduliwe.

Wewe unakumbuka birika za chooni kwenye nyumba zetu za mawe. Ndani mlikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi, na sakafuni bakuli la kauri limezamishwa, maji yakipungua samaki wajikusanye humo. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nawatia vidole nikachapwa. Siku hizi birika limevunjwa limewekwa tangi la plastiki juu ya dari, na kifuniko kimepeperushwa na kaskazi. Nimependekeza mara kadhaa tununue vifuniko na kitambaa badala ya kuchapisha mabango. Jibu ni kwamba fedha za mbu zimekuja kwa jina la malaria, na fedha ya malaria hainunui kifuniko cha pipa. Hapo hata mimi nachoka, babu.

Homa ikikurudia, meza paracetamol, kunywa maji, nenda hospitali ya King Fahd wakutazame. Aspirini na brufeni uziache mpaka wahakikishe si dengi, kwa sababu kwa dengi zinaweza kuleta kuvuja damu.

Dada Mama Stoo, wahudumu wa afya walitugawia vidonge vya kutia kwenye maji. Mume wangu amekataza, amesikia msikitini kwa watu kwamba vinafunga kizazi. Mimi nilivitia kwa siri, lakini maji ya kisima bado yana chumvi, basi nikaona havifanyi kazi. Na kwenye jabia la maji ya mvua nitie vingapi?
*Mama wa watoto wanne, Kisiwa cha Pate*

Dada yangu, umeniuliza mambo matatu, na nitaanza na mume.

Usimfiche. Siku akiuona mfuko wa vidonge mkobani mwako atakuwa na mambo mawili ya kukasirikia. Mwambie hivi: kidonge ni klorini, na klorini ndiyo inayotiwa kwenye maji ya bomba Mombasa, Nairobi na Makka, na watu wa huko wanazaa. Kama haniamini mimi, amwite mhudumu wa afya nyumbani, atie kidonge mbele yake, anywe yeye kwanza. Uvumi huu nimeukuta kila mahali tulipogawa vitu kwa haraka bila kukaa na watu. Gari linakuja, katoni zinashushwa, picha zinapigwa, gari linaondoka. Ukiwa mwanamume wa Pate, utakosa kushuku? Tulitakiwa tuanze na imamu, na mwenyekiti wa ufuo, na akina mama wenye kuzalisha. Ofisi nyingine huona huko ni kupoteza siku.

Chumvi haitoki kwa klorini. Klorini inaua vijidudu, kipindupindu kikiwemo. Chumvi ya kisima inatokana na bahari inayoingia chini ya ardhi mkiteka kupita kiasi. Maji yakiwa na chumvi na yametiwa klorini, ni maji ya chumvi yaliyo salama. Ya kunywa chukua ya jabia kama yapo, ya kisima yawe ya kuoshea.

Kwenye jabia usitie kitu. Jabia ni kubwa, hujui lina lita ngapi, na klorini itaisha nguvu kabla hujamaliza kuteka. Tia kwenye mtungi wa nyumbani. Kidonge kilichoandikwa miligramu 67 ni cha lita 20, yaani mtungi mmoja wa njano uliojaa. Kama pakiti imeandikwa namba nyingine, fuata inavyosema, maana viko vya ukubwa tofauti. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, na yakibaki na ukungu tia viwili. Funika, ngoja nusu saa. Yatakuwa na harufu kidogo, na harufu hiyo ndiyo inayokwambia bado yanajilinda. Ikiwakera watoto, mimina kwenye chombo kingine safi na uache wazi kwa muda kabla hawajanywa. Na kikombe cha kutekea kiwe na mkono mrefu. Nimeingia nyumba nyingi zenye maji yaliyotibiwa vizuri, kisha mtoto anachota kwa kiganja alichotoka nacho kucheza ufuoni.

Mama Stoo, mjukuu wangu alipimwa mkono, utepe ukaonyesha nyekundu. Nikapewa zile pakiti za chakula cha njugu, za kutosha wiki moja. Ndugu zake wawili wakiziona wanalia, basi nikawa nawagawia. Muuguzi alipoona kilo haziongezeki, alinikaripia mbele ya watu wote. Na dukani hapa pakiti zile zile zinauzwa wazi. Mimi nimekosa wapi?
*Bibi wa Marafa, Magarini*

Shikamoo, hawe, bibi yangu. Aliyekukaripia mbele ya watu ndiye mwenye kosa, na nitamtetea kidogo tu kwa kuwa huenda alikuwa na foleni ya akina mama mpaka nje na yuko peke yake.

Utepe ule, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, unasema hivi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo mpaka karibu na 12.5 ni njano, 12.5 kwenda juu ni kijani. Mjukuu wako akiwa kwenye nyekundu, pakiti ile si peremende wala si chakula cha nyumba. Ni dawa yake. Ina gramu 92 na nguvu ya kalori 500, na muuguzi amehesabu idadi kwa uzito wa mtoto huyo mmoja. Ukigawa kwa watatu, mgonjwa amepata theluthi ya dozi, na wale wawili wameonja tu.

Lakini mtoto anayelia mbele yako huwezi kumwambia hesabu. Kwa hivyo fanya hivi. Mgonjwa mlishe kando, wenzake wakiwa wamekwenda kuchota maji au kucheza, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, akinywa maji safi pembeni. Kama ananyonya, titi kwanza. Pakiti ya siku iishe kabla hajaonja ugali. Kisha mwambie mhudumu wa afya wa kijiji awapime hao wawili nao. Inawezekana mmoja yuko njano, na hapo ana haki ya msaada wake. Tena uliza kituoni kama kuna unga wa lishe au fedha za kaya. Nyumba moja ikiwa na mtoto nyekundu, mara chache ni mtoto huyo tu mwenye njaa. Magarini na Ganze zilikosa mvua misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, mbuzi wakaisha, na mbuzi hawarudi kwa mvua moja.

Kuhusu dukani, hapo nazungumza kama mtu wa stoo. Katoni moja ina pakiti 150. Mama hapewi katoni, anapewa pakiti za wiki moja au mbili. Basi ukiona dukani pakiti tatu au nne, labda kuna mama aliyeuza anunue unga, na simlaumu haraka. Ukiona katoni nzima nyuma ya kaunta, haikutoka kwa mama. Imetoka kwenye gari, au kwenye stoo. Kila katoni ina namba ya toleo. Mtu yeyote akiisoma namba ile na kuifikisha kwa mkuu wa kituo au afisa wa lishe wa kaunti, mwenye leja atajua ilitolewa lini na nani alitia sahihi. Usimpigie kelele mwenye duka. Mtume kijana mwenye simu nzuri akanunue sabuni.

Mkiambiwa pakiti zimekwisha, pia huwa ni kweli. Marekani, aliyekuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chakula hiki duniani, alisimamisha misaada Januari 2025, na shirika lake la USAID likafungwa kufikia Julai. Tangu hapo sisi wa stoo tunahesabu kwa woga. Mtoto akipata nyekundu na pakiti hakuna, usirudi nyumbani ukangoja. Akiwa na homa, akitapika, amevimba miguu au hataki kula kabisa, ni wa kulazwa siku hiyo hiyo.

Mimi ni CHP, yaani mhudumu wa afya ya jamii, wa Hindi. Tunapata ile elfu tano ya mwezi, tena ikichelewa. Shirika likija na kampeni, tukichukua posho yao tunaambiwa tunalipwa mara mbili. Ni haramu?
*Mhudumu wa afya, Hindi, Lamu*

Si haramu wala si wizi. Ile elfu tano, 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti, ni ya kazi yako ya kila mwezi ya kuzungukia nyumba. Posho ya kampeni ni ya siku za kampeni: nauli, chakula, jua. Kinachokatazwa ni kusaini fomu mbili kwa siku moja kwa mashirika mawili. Kabla hujaanza, uliza ni kiasi gani, siku ngapi, italipwa lini na kwa M-Pesa ya nani. Ukiona aibu kuuliza, utaona tabu kudai.

Bi Stoo, mimi ni nahodha wa Mokowe. Nilibeba dawa za shirika fulani mpaka Kiunga, petroli nilikopa. Kila nikipiga simu naambiwa karatasi ziko kwa fedha. Msimu umebadilika sijalipwa. Wakija tena nikatae?
*Nahodha, Mokowe*

Nahodha, pole sana. Hili la kuwakopa manahodha linanikera, kwa kuwa ofisi hizo hizo hazithubutu kumkopa mwenye kituo cha mafuta Malindi.

Nikueleze karatasi inakokwama. Ofisi haikulipi kwa kuwa umefika. Inakulipa kwa kuwa kuna karatasi tatu zinazosema jambo moja: oda ya kazi, yaani LPO, iliyotolewa kabla ya safari; hati ya mzigo iliyosainiwa na kupigwa muhuri na aliyepokea Kiunga; na ankara yako. Moja ikikosekana, au hati ikisema katoni 40 na oda ikisema 42, mhasibu anaiweka pembeni, na pembeni kwa mhasibu ni mbali. Nashuku wewe uliitwa kwa simu tu, "nahodha twende, ni dharura", na LPO haikuandikwa. Walipaswa waandike ya dharura siku hiyo au kesho yake. Hilo ni jukumu lao.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa muuguzi wa Kiunga, au mtume mtu, umwombe nakala ya hati ya kupokea yenye tarehe na muhuri; nakala huwa inabaki kituoni kwenye faili. Piga picha. Andika ankara kwa mkono: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, mzigo gani, lita ngapi za petroli, bei mliyokubaliana na nani. Usipeleke kwa yule kijana aliyekupigia simu. Yeye huenda mkataba wake umeshakwisha. Peleka kwa meneja wa kanda, nakala kwa ofisi ya afya ya kaunti, na uombe asaini kwamba ameipokea. Mashirika yana pia namba ya malalamiko, mara nyingi ya bure, imebandikwa ukutani au kwenye gari. Itumie. Namba ile haikuwekwa kwa wanaopokea msaada peke yao, na malalamiko yake huandikwa kwenye ripoti ambayo mfadhili anaisoma.

Wakija tena? Kama ni dawa za kipindupindu, najua utabeba, hata nikikwambia usibebe. Lakini petroli walipe wao kabla kamba haijafunguliwa, kwa M-Pesa, palepale jetini, na LPO ije kwenye simu yako kwa picha. Anayesema haiwezekani anadanganya: ofisini kwetu inachukua nusu saa, mradi mwenye sahihi hajatoka kwenda kula.